Lubondja: Mtoto kiziwi naye anaweza kujifunza kujenga, tukimpa lugha

Lubondja, wilayani Fizi. Ndugu msomaji, na wewe ndugu msikilizaji uliyezoea kusikia sauti yangu redioni, leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya muhogo sokoni. Naleta habari ya nyumbani kwetu. Nimekawia kuiandika kwa sababu inanigusa mimi mwenyewe.

Mtoto wa dada yangu mkubwa ana miaka 12. Hasikii. Alizaliwa akisikia vizuri, akaanza kusema "mama" na "maji". Alipofikisha miaka mitatu akashikwa na homa kali, shingo ikakakamaa, tukambeba mgongoni karibu siku nzima hadi kituo cha afya. Homa ilipona. Wiki chache baadaye tukaona kwamba sahani ikianguka nyuma yake hageuki. Maneno yale mawili nayo yakapotea kidogo kidogo.

Mimi ananiita kwa ngumi. Anaikunja na kuiweka mbele ya mdomo, kama mtu aliyeshika mikrofoni. Hilo ndilo jina langu kwake. Kila akiniita hivyo naona haya kidogo, maana kazi yangu ni sauti, na mtoto wa kwetu hajawahi kusikia hata habari moja niliyoisoma.

Dada yangu na watoto wake ni wakimbizi wa ndani. Wanakaa katika uwanja wa familia moja iliyowapokea, katika kijumba cha miti na udongo kilichofunikwa kwa shitingi. Nyuma ya kijumba hicho, kila alasiri, mtoto huyu anajenga. Anakanyaga udongo, anakata matete na mabua ya mahindi, anasimamisha nyumba ndogo zinazofika gotini. Wapita njia wanacheka: "Bubu anacheza." Hata mimi nilidhani ni mchezo, mpaka siku moja nilipochuchumaa na kuziangalia vizuri. Nyumba zake zote zilikuwa na dirisha mbele ya mlango. Na hakuna hata moja iliyokuwa na chumba cha nyuma.

Kwa nini? Ili ujibiwe, lazima nikurudishe kwenye usiku tuliokimbia.

Katika kijiji tulichotoka, nyumba ya dada yangu ilikuwa na vyumba viwili. Cha nyuma hakikuwa na dirisha, na humo ndimo watoto walilala. Usiku ule milio ya risasi ilipoanza, kila mtu aliamka. Mama akavuta watoto gizani, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, mdogo mgongoni. Wote walikuwa wakilia na kuita. Mmoja tu hakulia wala kuita, kwa sababu hakuamka. Walipofika kwenye mihogo, dada akahesabu vichwa, akaona amepungua mmoja. Akarudi. Alimkuta amelala usingizi wake wa kawaida, akamgusa bega, wakatoka. Tangu pale hadi tulipofika huku, mama alifunga kipande cha kitenge, ncha moja kwenye mkono wake na ncha nyingine kwenye mkono wa mtoto. Akitaka wasimame, anavuta mara moja. Akitaka wakimbie, anavuta mara mbili.

Kipande kile cha kitenge ndicho kilikuwa lugha yao usiku ule. Siku nyingine walikuwa na ishara za nyumbani: kula, maji, lala, askari, kimbia, mvua. Ukizihesabu zote hazifiki 40. Na mtoto mwenye maneno 40 anaweza kuomba maji, lakini hawezi kuuliza kwa nini.

Mwaka jana nilitaka apate kazi ya mkono. Nikampeleka Baraka kwa fundi mwashi mmoja ninayefahamiana naye. Alimwangalia, akanivuta pembeni: "Mwandishi, sina ubaya. Lakini akiwa juu ya ukuta na tofali likianguka, nitamwitaje?" Nilikasirika, tukarudi. Baadaye nikaona kwamba swali lake lilikuwa la haki. Kosa letu sote wawili lilikuwa kulichukua swali kama jibu. Hatukukaa hata dakika moja kutafuta namna ya kumwita mtu asiyesikia aliye juu ya ukuta.

Hapa Lubondja nikapata mzee mwingine, fundi wa siku nyingi, aliyekuwa akijenga nyumba ya tofali za kuchoma. Yeye hakuuliza kitu. Alichukua kamba, akaifunga mafundo kwa nafasi zilizo sawa, nafasi 12, na ncha mbili akaziunganisha. Akapiga vijiti vitatu chini: upande mmoja nafasi 3, wa pili nafasi 4, wa tatu nafasi 5. Kamba ilipokaza, pembe ya nyumba ikatoka sawasawa. Mafundi wengi duniani wanapima hivyo tangu zamani. Mzee akabomoa, akampa mtoto kamba. Mtoto akairudia mara ya kwanza bila kosa, akaenda kuipima pembe ya ukuta uliokuwa umekwisha jengwa, akamgeukia mzee na kutikisa kichwa. Ukuta ule ulikuwa umepinda. Mzee akacheka mpaka akakaa chini.

Ndugu msomaji, siku ile nilifurahi kupita kiasi. Nilijisemea: kumbe! Kamba haisemi, timazi haisemi, plani nayo haisemi. Ujenzi ni kazi ya macho. Mtoto huyu hana shida yoyote!

Nilikosea, na mzee ndiye aliyenionyesha. Siku ya nne walichimba msingi. Uwanja uko kwenye mteremko, kwa hiyo upande wa chini lazima uchimbwe zaidi ili mvua isije ikaing'oa nyumba. Mtoto alichimba pande zote kina kimoja, safi kabisa. Mzee akamwonyesha kwa mkono: zaidi. Mtoto akachimba zaidi pande zote. Mzee akaonyesha mteremko, akaonyesha mbingu, akafanya mvua kwa vidole, akaonyesha nyumba ikianguka. Mtoto akakimbilia ndani: alifikiri mvua inakuja. Mzee akaniambia: "Mikono yake ni mizuri. Lakini nitampaje sababu? Kwa maneno gani?"

Hapo ndipo nilipoielewa habari yenyewe. Kuiga kunataka macho tu. Kujifunza kunataka lugha, kwa sababu fundi ni yule anayejua sababu, anayeweza kubishana na plani na kuuliza itakuwaje tukifanya vingine.

Nilipopata nafasi ya kwenda Baraka penye mtandao, nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kama kuna kiziwi aliyewahi kuwa msanifu wa majengo, yule tunayemwita fundi wa plani. Nikakuta wako, tena wa zamani. Olof Hanson alizaliwa Sweden mwaka 1862, akahamia Marekani na kuwa kiziwi angali kijana. Alisoma katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, mjini Washington, akamaliza mwaka 1886. Akawa msanifu wa majengo, na kati ya majengo aliyochora yako ya shule za viziwi. Zaidi ya miaka 100 imepita, na sisi bado tunauliza kama inawezekana.

Chuo hicho hicho kina uhusiano na sisi Waafrika. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi tangu miaka 11, alimaliza pale mwaka 1954, wa kwanza mweusi kufanya hivyo. Mwaka 1957 akafungua shule ya viziwi nchini Ghana, kisha akaendelea nchi kwa nchi, hata kwetu Kongo, mpaka shule zikapita 30. Alikufa kwa ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Ndiyo maana ishara nyingi za viziwi wa Kongo zinafanana na zile za Marekani. Tukumbushe kwamba lugha ya ishara ni lugha kamili, ina kanuni zake kama Kibembe au Kifaransa. Wanaoiona kama michezo ya mikono hawaijui.

Mwaka 2005, msanifu Hansel Bauman alianza pale Gallaudet, pamoja na viziwi wenyewe, kazi waliyoiita DeafSpace. Waliuliza: nyumba ikijengwa kwa ajili ya watu wanaosema kwa mikono na kusikiliza kwa macho, itakuwaje? Majibu yao si ya matajiri tu. Watu wakae kwa duara ili kila mmoja aone mikono ya wote. Njia iwe pana, wawili watembee sambamba huku wakizungumza. Mwanga usimpige mtu machoni wala usitoke nyuma ya anayesema, maana uso wake utakuwa giza. Rangi ya ukuta iwe tulivu, mikono ionekane vizuri mbele yake. Mtu aweze kuona anayeingia, hata akiwa amekaa.

Niliposoma hilo la mwisho nikaweka simu chini. Dirisha mbele ya mlango. Mtoto wetu alikuwa amekwisha lijua, na hakuna aliyemfundisha.

Nikasoma pia kwamba huko Uingereza viziwi waliosomea usanifu walikuta lugha yao ya ishara haina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo. Chris Laing na Adolfs Kristapsons, wenyewe viziwi, wakaanzisha Signstrokes, kazi ya kutunga ishara za mambo ya ujenzi, ili mwanafunzi kiziwi asibaki akitahajiwa herufi moja moja wakati wenzake wanaendelea. Basi hata kwenye vyuo vikubwa shida ni ile ile ya mzee wetu kwenye mteremko: nitampaje sababu, kwa maneno gani?

Na jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa? Kule Iringa, Tanzania, mwaka 2003 ilianza karakana ya Neema Crafts na vijana viziwi watatu wakitengeneza karatasi. Leo watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali wanafanya kazi pale, na kwenye mkahawa wao wahudumu ni viziwi: mteja anaandika anachotaka, au anajifunza ishara. Kwa hiyo si lazima kungoja Washington.

Nilirudi Lubondja nikiwa na habari nyingi na hakuna mwalimu. Mungu si Athumani. Kuna dada mmoja, kiziwi, aliyerudi na wazazi wake baada ya miaka mingi Nyarugusu, kule Kigoma, ambako wengi wa kwetu tulikimbilia tangu 1996. Huko Tanzania alijifunza lugha ya alama, kama wanavyoiita wao, na kusoma na kuandika. Alikuwa akiuza ndagala, hana mtu wa kuzungumza naye. Nilimwandikia kwenye karatasi: "Utatufundisha?" Akaandika: "Nani?" Nikaandika: "Wote. Watoto na mama zao na mimi."

Tulianza siku ya Jumamosi, chini ya mwembe. Watoto viziwi wanne, wazazi sita, yule mzee fundi, na mimi. Jambo la kwanza alilofanya ni kutuhamisha. Tulikuwa tumekaa mistari kama kanisani. Akatuweka kwa duara. Tena tulikuwa tumemwelekeza jua mgongoni. Akahama, mwanga ukampiga usoni, tukaona mikono yake. Nilikumbuka yale niliyosoma Baraka. Yeye hakuyasoma popote.

Kila Jumamosi tunajifunza ishara, kisha watoto wanachora nyumba chini kwenye mchanga, wanazijenga kwa udongo, na kila mmoja anaeleza yake. Mzee anafundisha ujenzi, dada yule anafundisha lugha. Ishara isipokuwepo, wanaitunga pamoja: msingi, timazi, mteremko, maji yanayopita chini ya ukuta. Kazi haikosi matata. Ishara za Tanzania hazifanani zote na zile za Bukavu, na siku watoto wetu watakapokutana na wenzao wa huko itabidi wajifunze tena. Baba wawili walikuja mara moja wakaacha, wakisema hayo ni mambo ya wanawake na watoto. Na kila tukisikia fununu za vita, watu wanapungua.

Sasa nifike kwenye siku niliyotaka kuwaeleza. Ilikuwa karibu mwezi wa tano wa masomo yetu. Mtoto wa dada yangu alijenga nyumba tofauti na zake zote. Ilikuwa na vyumba viwili, na cha nyuma hakikuwa na dirisha. Akaweka vijiti vitano ndani yake, vimelala. Kisha akavitoa vinne mbio hadi pembeni, kwenye majani. Kijiti kimoja kikabaki. Akamgeukia mama yake, akauliza kwa ishara, polepole, na yule dada akatuandikia ubaoni ili tusikosee: "Kwa nini mliniacha?"

Kwa miaka mitano mtoto huyu alikuwa amebeba swali hilo. Alijua kwamba aliamshwa nyumba ikiwa tupu. Hakujua kwamba kulikuwa na mlio. Hakujua kwamba wengine waliamshwa na kitu ambacho yeye hakukipata. Kwake yeye, mama aliwachagua wanne akamwacha mmoja, kisha akabadili mawazo.

Dada yangu hakuweza kuinua mikono kwa muda. Halafu akajibu kwa ishara alizokuwa nazo, nyingine akiomba msaada: "Bunduki zina sauti. Wao walisikia. Wewe hukusikia. Mimi niliogopa, sikuhesabu. Nilihesabu kwenye mihogo. Nilirudi." Akaishika mikono yake mwenyewe kama anayefunga kitu, akavuta mara mbili. Kitenge kile. Mtoto akamwangalia sana. Kisha akachukua kijiti cha mama, akakirudisha hadi chumba cha nyuma, akakilaza karibu na kile kimoja.

Ndugu wasomaji, naandika habari kwa miaka mingi, lakini siku ile sikushika kalamu wala kinasa sauti.

Nataka viongozi wasome pia. Nchi yetu ilikubali mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na kifungu chake cha 24 kinazungumza wazi kuhusu kujifunza lugha ya ishara. Tuna sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda watu wanaoishi na ulemavu. Ni sheria nzuri. Lakini watoto wanne wa chini ya mwembe bado hawana darasa wala mwalimu anayelipwa.

Kuna mambo hayangoji serikali. Wewe unayejenga kijumba cha wakimbizi, acha dirisha mahali ambapo anayelala ataona mlango. Nyumba ikiwa na kiziwi, vuta kamba kutoka mlangoni hadi kitandani kwake, mwenye kuamka kwanza aivute. Yule fundi wa Baraka naye apate jibu: mzee wetu sasa hampandishi mtu yeyote ukutani mpaka kamba ya kuitia ifungwe kiunoni, na hapandi mtu peke yake. Wale wanaosikia nao wameipenda. Ninyi mashirika mnaogawa vitu, msiite majina kwa megafoni tu. Nilimwona mzee kiziwi akikaa tangu asubuhi hadi jioni kwenye ugawaji mmoja, jina lake likaitwa mara tatu, akarudi mikono mitupu. Andikeni majina ubaoni, na mtu mmoja apite akigusa mabega. Ninyi walimu na madirekta, mkimpokea mtoto kiziwi mkamweka nyuma ya darasa, hamjampokea bado.

Na wewe uliyesikia habari hii redioni, pengine nyumbani mwako kuna mtoto asiyeisikia. Habari hii inamhusu kuliko inavyokuhusu wewe. Mguse bega, mchoree chini, mweleze kwa mikono uliyo nayo. Jumamosi saa nane mchana, mje wote wawili chini ya mwembe. Hatulipishi faranga.

Mtoto wetu ameanza nyumba nyingine. Hii ina chumba cha nyuma, na ukutani ametoboa dirisha, chini kabisa, sawa na kichwa cha mtu aliyelala. Jana nilimuuliza kwa ishara zangu mbovu kwa nini liko chini hivyo. Akaniangalia kama mtu anayemwonea mwanafunzi wake huruma, akanieleza yote, kwa kirefu, mpaka giza likaingia na mikono yake ikaacha kuonekana. Nikaenda kutafuta taa.